Tairi la Mvunguni

Duka la kwanza walimkaribisha, la pili walimvumilia, la tatu walimcheka waziwazi. Na nani asingecheka? Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, kalamu mbili mfukoni mwa shati, ameinamia tairi la pikipiki analinusa kama mnunuzi anavyonusa samaki wa Mtera. Akimaliza kunusa anabonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba, anatazama kama umeacha alama, anatikisa kichwa, anatoka. Kesho yake yuko palepale.

"Mzee Yahaya," Hassani, mwenye lile duka la tatu, alimwambia siku ya nne, "hilo ulilinusa jana. Halijabadilika harufu."

"Najua. Nahakikisha tu."

"Unahakikisha nini? Tairi ni tairi."

"Hapo ndipo unapokosea," Yahaya akajibu, kwa ukali uliomshangaza hata yeye mwenyewe, akatoka tena.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na sita, na pale Majengo, sokoni Dodoma, kila kitu kilikuwa kinauzwa. Zile siku za kutafuta kibali chenye sahihi tatu ili upate tairi moja zilikuwa zimepita. Sasa matairi yalining'inia hadi barazani, kutoka nchi ambazo Yahaya alizijua kwa stempu za barua tu. Yalikuwepo ya kashata nene, yale matuta makubwa ya kung'ata matope. Yalikuwepo ya mistari myembamba ya kukimbilia lami. Yalikuwepo mapya, na yalikuwepo ya mitumba yaliyopakwa dawa ya viatu ili yang'ae. Mtu aliyezoea kupokea anachopewa, ukimwambia achague unamtesa. Lakini kilichomhangaisha Yahaya hakikuwa wingi wa matairi. Kilikuwa mkono wa mkewe.

Yahaya alikuwa Mrangi wa Kondoa, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo wa idara moja ya serikali mjini Dodoma. Si cheo kikubwa, lakini enzi za uhaba mwenye funguo za stoo alipata shikamoo nyingi kuliko mkurugenzi. Betri, sabuni, mabati, matairi, vyote vilipita mikononi mwake na, tumtendee haki, havikubaki mikononi mwake. Alikuwa mwaminifu mpaka anaudhi. Alikuwa na sheria moja, aliyoiandika kwa chaki juu ya mlango: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Ukitoa kipya wakati cha zamani kipo, wewe ni mbadhirifu. Sheria hiyo aliibeba mpaka nyumbani Makole, ambako Joha mkewe hakuruhusiwa kufungua mche mpya wa sabuni kabla kipande cha zamani hakijawa chembamba kama ukucha.

Mwaka themanini na saba alipata kibali cha tairi lake mwenyewe, la halali, kwa pesa yake. Pikipiki hakuwa nayo. Lakini tairi lilikuwa limepatikana, na siku zile kitu kikipatikana unanunua kwanza, matumizi yatajitokeza mbele ya safari. Akalifunga kwa magazeti na khanga kuukuu, akalisukuma mvunguni mwa kitanda. Chumba kizima kikanuka mpira. Joha alilalamika, kisha akazoea, akawa anafagia kulizunguka. Miaka ikaenda. Siku moja harufu ikawa haipo tena, na Yahaya akashukuru kwamba amani imerudi chumbani.

Mwaka tisini na nne serikali ikapunguza wafanyakazi, na mtunza stoo akakabidhi funguo. Kwa kiinua mgongo chake alinunua pikipiki ya idara kwenye mnada. "Mnaona?" aliwaambia majirani. "Tairi nilikuwa nalo miaka saba, sasa limepata pikipiki yake." Wakacheka, naye akacheka, na akawa dalali wa mahindi. Kazi yake ikawa kuzunguka vijijini, kujua nani ana magunia na nani anadanganya, kisha kupeleka habari Kibaigwa kwenye malori ya Dar es Salaam.

Joha naye alinunua mahindi Kibaigwa na kuyauza Majengo, kwa hiyo kila Jumamosi walikwenda pamoja. Yahaya mbele, Joha nyuma amekaa upande, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine umeshika mkanda wa suruali ya mumewe. Hapo ndipo walipokuwa mume na mke. Nyumbani hawakuwa waongeaji. Yahaya alikuwa mtu wa "chumvi iko wapi" na "funga mlango". Lakini barabarani, upepo ukiwapiga, Joha alimsimulia habari za sokoni, akamwiga mteja huyu na mbeba mizigo yule, na Yahaya alicheka mpaka anasahau kubadili gia, injini inanguruma kwa uchungu na Joha anampiga bega. Aliyapenda maisha hayo kuliko alivyowahi kupenda stoo. Hakuwahi kumwambia mtu, na Joha pia hakuambiwa.

Miaka inakula watu, lami inakula matairi. Ilipofika Novemba ya tisini na tano, tairi la nyuma lilikuwa kipara. Hassani alikuwa na mapya, Yahaya akayatazama, akakumbuka sheria yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akalivuta tairi lake, akalifungua khanga. Halikuwa limegusa ardhi. Kashata zote zilisimama, weusi wake haukuwa na doa. Ya kale dhahabu, akajiambia, akalifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya Desemba si ya kulima. Inalowesha tu vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami miezi saba, ikafanya utelezi. Walikuwa wanarudi kutoka Kibaigwa, wameshaikaribia Buigiri, kwenye kona. Yahaya hakuwa anakimbia, kukimbia kwenyewe hakujui. Tairi la nyuma liliondoka tu, likakataa barabara. Yeye alichubuka goti. Joha alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, na hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kwa wiki sita.

Siku ya tatu sebule ya Makole ikajaa watu wa kutoa pole. Alikuwepo Hamidu, kaka mkubwa wa Joha, dalali mkongwe wa Kibaigwa, pamoja na madalali wenzake wanne.

"Imekuwaje, shemeji?" Hamidu akauliza.

Yahaya angeweza kusema sijui, na lingekuwa neno la kweli. Lakini mtu aliyetunza stoo miaka kumi na tisa bila kupoteza hata msumari hajui kusema sijui.

"Tairi lilikuwa jipya kabisa, shemeji, liko nje pale, kila mtu alione. Ni dada yako. Amekaa upande. Nimemwambia mara ngapi? Kwenye kona akatikisika, akanivuta, ndiyo hayo."

Wageni wakatikisa vichwa kwa namna ile ya wanaume wakisikia makosa ya mke wa mtu. Joha alimtazama mumewe, akayatazama na magunia matupu pembeni ya mlango. Hakubisha.

"Basi sitapanda tena," akasema kwa upole. "Nisije nikamwangusha Baba Asma."

Asma alikuwa binti yao, ameolewa Singida. Na neno la mama yake halikuwa la hasira inayopoa. Jumamosi zilizofuata Joha alipanda basi na hogo lake, na Yahaya akaenda Kibaigwa peke yake na kiti kitupu nyuma. Njia ikawa ndefu. Alijikuta anageuka kutazama nyuma kama mtu aliyedondosha kitu. Kwenye baraza la kahawa alikuwa anaagiza kikombe, anaamka kabla hakijaletwa. Nyumbani alikuwa anakagua mnyororo, anakaza nati zilizokazwa, anafuta taa isiyo na vumbi. Joha alikuwa anampikia kwa mkono mmoja, anamjibu vizuri, anamuuliza kama ameshiba. Heri angemtukana.

Wiki ya kwanza ya Januari, kona ileile ya Buigiri, mvua nyingine, tairi la nyuma likateleza tena. Safari hii hakuanguka; aliingia majanini, akasimama. Akageuka kutazama kiti cha nyuma.

Hapakuwa na mtu aliyekaa upande.

Moja kwa moja kutoka hapo akaenda kwa Damas, fundi pikipiki wa Makole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama hilo tairi uniambie lina nini."

Damas akachuchumaa. Akabonyeza ukucha, ukucha ukakataa kuingia. Akalikunja pembeni kwa nguvu, na katikati ya kashata zikatokea nyufa ndogondogo, nyingi, kama za tope la lambo lililokauka.

"Hili lilikuwa wapi, mzee?"

"Mvunguni."

"Miaka mingapi?"

"Minane."

Damas akapiga mluzi. Akamwonyesha namba ndogo tatu zilizochapwa ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake. Yahaya alikuwa ametoa matairi kama hayo mamia, akaandika ukubwa wake kwa mwandiko mzuri, wala hakuwahi kuzisoma namba zile.

"Wewe ni dalali," Damas akasema. "Mahindi unayapimaje?"

"Nang'ata punje. Ikilia ka, ni kavu, nanunua."

"Ndivyo ulivyolipima na hili. Gumu, kavu, ukafurahi. Mzee wangu, mahindi yakikauka ndiyo mahindi. Mpira ukikauka ni kigae. Litadumu, sikatai, litatuzika mimi na wewe. Ila kushika barabara halishiki."

"Sasa ninunue lipi?"

"La lami, lenye mistari ya kutoa maji. Laini sana litaisha kabla hujavuna, gumu sana litakuangusha. Tafuta ambalo ukucha unaingia kidogo halafu mpira unarudi. Na linuke! Likinuka bado liko hai."

Basi ndiyo asili ya kunusa matairi. Aliambiwa jinsi ya kuchagua, angeweza kuchagua siku ileile. Badala yake alizunguka wiki tatu, duka kwa duka, akinusa, akibonyeza, akirudi, huku mvua zikinyesha na tairi bovu likiwa bado linamzungusha mjini taratibu. Hili linadumu ila linateleza. Hili linashika ila halidumu. Hili limekaa juani. Hili muuzaji wake ana macho ya wizi. Kila moja alilipatia kasoro. Watu walidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili, ilikuwa ni aibu. Alijua kwamba akishanunua tu hatakuwa na shughuli nyingine iliyobaki isipokuwa kufungua mdomo. Alikuwa anatafuta tairi litakalokwenda kumsemea kwa mkewe, na tairi la namna hiyo halikuwepo Majengo wala Dar es Salaam.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi, hospitali walimfungua Joha hogo. Yahaya aliuona ule mkono, umekonda, umepauka, vidole vinajifunza upya kushika kijiko. Jioni Joha alijaribu kupepeta mchele, ungo ukamponyoka. Akauokota mchele punje kwa punje. Yahaya alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Kesho yake asubuhi, Joha ameshapanda basi la Kibaigwa, alikuwa mlangoni kwa Hassani kabla duka halijafunguliwa.

"Leo nanunua," akasema.

Hassani akamshushia tairi zito la pale juu. "Chukua hili basi, uachane na kunusa. Miaka mitano. Utamrithisha mjukuu."

Yahaya akabonyeza. Ukucha ukakwama juujuu.

"Sitaki la kurithisha. Nipe lile la mistari."

"Lile? Lile masika mawili halipiti, mzee, nakwambia ukweli."

"Liishe. Likiisha nitanunua jingine. Si ndiyo mnatuambia siku hizi yapo?"

Hassani alicheka. Yahaya hakucheka, kwa mtu kama yeye maneno hayo yalikuwa sawa na kufuta ile chaki juu ya mlango. Damas alimfungia tairi jipya, akataka kulitupa la zamani kwenye rundo la vyuma.

"Hapana," Yahaya akasema. "Lifunge hapo nyuma, kwenye kiti."

Akaondoka kwenda Kibaigwa na tairi lake la kibali limekaa pale alipokuwa anakaa mkewe. Manyunyu yalianza baada ya Ihumwa. Alipoikaribia ile kona akapunguza mwendo, akaegemea, na tairi likashika. Lilishika tu, kimyakimya, kama kazi ya kawaida. Akasimama kando ya barabara, akakaa juu ya jiwe. Tangu Desemba alikuwa hajakaa mahali kwa raha, na hapo pia hakukaa kwa raha. Mvua ilimlowesha kofia. Aliona jinsi lilivyo jambo dogo: mpira laini kidogo, ukucha mmoja. Na kwa jambo dogo hilo alikuwa amemwaibisha mke wake wa ndoa ya miaka ishirini na sita mbele ya kaka yake. Akaamka, akapiga kiki.

Kibaigwa kulikuwa kumechangamka. Malori yamepangana kando ya lami, mahindi yanamiminwa kwenye turubai, madalali wanatafuna punje na kutema. Hamidu alikuwa amesimama kwenye rundo la magunia na wale wenzake wanne, Joha ameinama pembeni anachambua mahindi kwa mkono wa kushoto.

"Asalaam aleikum," Yahaya akasema. Bila kungoja kuulizwa habari za nyumbani akafungua kamba, akalitupa tairi juu ya magunia.

"Shemeji, na nyie wote mliokuja Makole kunipa pole. Nilisema Mama Asma ametuangusha kwa kukaa upande. Amekaa upande miaka miwili na hatukuanguka. Lililotuangusha ni hili. Nililiweka mvunguni miaka minane nikidhani nalitunza, kumbe linakufa. Na niliteleza nalo tena nikiwa peke yangu. Kosa ni langu. Bonyezeni muone."

Wakabonyeza, mmoja baada ya mwingine. Dalali mmoja mcheshi akaliinamia, akaling'ata kama punje, akatema.

"Makavu haya!" akapaza sauti. "Daraja la kwanza! Pakia!"

Wakaangua kicheko, na Yahaya akaachia wacheke, kwa kuwa alistahili. Hamidu hakucheka.

"Ulijua lini, shemeji?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu."

"Leo ni mwisho wa mwezi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nachagua tairi."

Hata yeye alisikia lilivyo jibu bovu. Kicheko kikaisha. Joha akanyooka, akapangusa mikono kwenye khanga.

"Lilinuka miaka mitatu," akasema. "Halafu likaacha. Nikakuuliza, Baba Asma, mbona hili tairi harufu imekufa? Ukanijibu, limezoea nyumba."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na siku unalifunga nililigusa. Lilikuwa kama mfupa."

Yahaya alisimama na kofia yake mbichi mkononi. "Sasa Mama Asma, mbele ya kaka yako, mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

Hamidu alilichukua tairi, akalirusha mtaroni, akamwita mpimaji waendelee na kazi.

Saa tisa basi la Dodoma likapiga honi. Joha alifunga pochi yake, akawaaga watu, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Yahaya alikuwa amesimama kando ya pikipiki na hakumwita, kwa sababu hakuona haki ya kumwita. Joha akafika usawa wake, akasimama. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Akaweka dole gumba la mkono wa kulia juu ya mpira, akabonyeza, nguvu haikutosha. Akabonyeza tena, uso umekunjamana kwa maumivu, na ukucha ukaingia kidogo. Alipoutoa, mpira ukarudi. Akainamisha pua.

"Linanuka vibaya," akasema.

"Linanuka," Yahaya akakubali.

Basi likapiga honi ya pili, likaondoka. Joha akajifunga khanga vizuri, akashika bega la mumewe, akapanda. Akakaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama alivyokaa siku zote, na kwa ule mkono uliokonda akaushika mkanda. Yahaya hakugeuka wala hakusema neno juu ya kukaa. Akapiga kiki, akaingia barabarani polepole.

Baada ya Mbande Joha akaanza kumwiga yule dalali alivyoling'ata tairi, na Yahaya akasahau kubadili gia.